Sebule Iliyokataa Kutulia

Siku Mhandisi alipoingia na masanduku yake sita, Fundi Saa alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mikono, na chini ya kiti hicho, nyuma ya pindo la kitambaa linalogusa sakafu, kulikuwa na kopo la biskuti. Nalisema mapema ili tusije tukachoshana. Kopo lilikuwa la bati, la duara, pana kama sahani ya chakula, na hakuna aliyejua kuwa liko pale isipokuwa mwenye kiti.

Miaka miwili nyuma daktari alikuwa amemkataza sukari. Hilo peke yake lisingekuwa neno. Watu wanakatazwa sukari kila siku na wanaishi. Ubaya ni kwamba mke wake, ambaye ukoo mzima unamwita Mama Mkubwa, alikuwa muuguzi mkuu wa wodi kwa miaka ishirini na sita, na kustaafu hakukumbadilisha hata kidogo. Siku ile ile aliikusanya sukari yote ya nyumba, akaigawa kwa majirani, kisha akarudi na kusimama katikati ya jiko. "Usipokula wewe, na mimi sili," akasema. "Tumekula pamoja miaka thelathini na tano. Tutakosa pamoja." Na huyu alikuwa mwanamke wa vijiko vitatu kwa kikombe! Fundi Saa alitokwa na machozi, wala hakuwa anaigiza. Alijikaza kisabuni wiki saba nzima. Ya nane ikamshinda.

Biskuti mbili kwa siku, basi. Siku ya mvua, tatu.

Mhandisi alikuwa binti wa mdogo wake. Jina hilo alipewa na familia akiwa na miaka tisa, siku alipoifungua redio ya sebuleni, akaifunga tena, na skrubu nne zikabaki mkononi. Sasa alikuwa anasomea shahada ya uzamivu na skrubu zilikuwa zinarudi zote. Alikuwa ameomba sebule kwa siku nne, na ombi lenyewe lilikuwa limewashangaza wote wawili, kwa sababu watu huomba kulala, kuhifadhi mizigo, au kuazima viti. Huyu aliomba kuipima.

"Kwani chuoni hakuna vyumba?" aliuliza Mama Mkubwa akimimina chai.

"Vipo, Mama Mkubwa, lakini vitupu. Kuta nne na meza. Nataka chumba walichokaa watu. Chenye makochi, mapazia, picha za harusi, vikorokoro."

"Sina vikorokoro mimi."

"Nimesema kwa heshima, Mama Mkubwa."

Akaeleza. Kuna mawimbi ya masafa ya juu mno, ndugu wa yale ya redio, ila mafupi: wimbi moja lina urefu wa milimita tano. Hapo Fundi Saa akaweka kikombe chini na kusikiliza kwa dhati, maana milimita ndiyo nchi aliyoishi miaka arobaini. Mawimbi hayo, alisema Mhandisi, yanaweza kubeba intaneti ya haraka ajabu, filamu nzima kufumba na kufumbua, lakini yanadeka. Ukuta yanashindwa. Mtu akipita katikati yanakatika. Yakigonga kabati yanaruka, yanagonga kioo, yanafika yamechelewa kidogo. Kazi yake ni kujua kila njia iliyopitwa ndani ya chumba, imechelewa kiasi gani na imetokea upande gani, kisha kuandika hesabu itakayomwezesha mtu mwingine kubashiri mambo hayo kwenye sebule ambayo hajawahi kuikanyaga.

"Na mapazia?" Mama Mkubwa aliuliza. "Niyatoe?"

"Yaache. Kitambaa yanapita kama hakipo. Ubao mwembamba yanapita yakinung'unika. Chuma ndicho hayakiwezi. Yakikutana na chuma yanarudi mazima mazima. Hata kijiko kikiwa nyuma ya mto, nakiona."

Fundi Saa alipaliwa na chai. Mama Mkubwa alimpiga mgongoni mara tatu, kiuuguzi, na kumwambia anywe polepole.

Baada ya chai wakaandikisha mali. Mhandisi alipita na daftari akiuliza kila kitu kimetengenezwa kwa nini, na Fundi Saa akijibu nyuma yake kwa fahari ya mwenye nyumba. Meza, mbao na kioo. Televisheni, plastiki kwa nyuma. Kikapu cha sufu ya kufumia cha Mama Mkubwa, ukindu. Walipofika kwenye saa kubwa ya kusimama, ile ndefu kuliko mtu, fahari ikamwishia. Saa hiyo ilikuwa imesimama saa tisa na robo kwa muda wa miaka miwili, na mgeni yeyote aliyeingia nyumbani kwa fundi saa aliitazama, akamtazama yeye, akanyamaza. Si kwamba ilimshinda. Alikuwa ameanza kuitengeneza vizuri tu, ameshaitoa sahani ya shaba inayoyumba na vile vyuma viwili vya uzito, Mama Mkubwa alipomwambia aiache kwa sababu mlio wake unamuumiza kichwa. Fundi Saa akamsihi mwezi mzima. Mwishowe akasalimu amri.

"Hii?" Mhandisi aliuliza.

"Ya mbao," alisema Fundi Saa. "Ndani..."

"Ndani vyuma vya saa," alidakia Mama Mkubwa. "Andika vyuma. Tusonge mbele, mwanangu, chakula kinapoa."

Mhandisi akaandika. Kisha akatoa utepe wa njano na kuzungushia kila mguu wa kila kitu sakafuni, akasimama mlangoni na kutoa amri: mpaka Ijumaa, hakuna kitu kitakachosogezwa, hata kwa upana wa ukucha. Fundi Saa alimtazama mkewe kwa huruma. Mama Mkubwa alikuwa mtu wa kuhamisha makochi kila mwezi. Akiamka vibaya, kila wiki. Lakini aliitikia bila ubishi. "Mimi sina shida," alisema. "Vitu vyangu vinakaa vinapokaa."

Jumanne asubuhi kazi ikaanza. Mtambo ulikuwa na stendi mbili za miguu mitatu. Moja ilisimama pembeni mwa dirisha ikirusha mawimbi, nyingine ilibeba antena yenye mdomo mpana na kuizungusha nyuzi tano, ikasimama, ikasikiliza, ikazunguka tena. Krr, kimya. Krr, kimya. Mara sabini na mbili ndipo mzunguko ukamilike, kisha stendi inahamishiwa alama nyingine sakafuni. Alama zilikuwa tisa. Wakati wote huo watu walitakiwa kukaa jikoni, kwa kuwa hata kupumua kwao kungeonekana kwenye hesabu.

Fundi Saa alikaa jikoni roho mkononi. Alijua kiti chake ni kitambaa na sifongo, na mawimbi yanapita humo kama hakipo. Alikuwa ameambiwa kwa kinywa cha mtaalamu. Ikifika saa nane, aliwaza, binti ataita: Baba Mkubwa, hili duara la chuma chini ya kiti chako ni la nini? Na nani atakuwa amesimama hapo na kitambaa cha vyombo mkononi?

Hivyo mchana, Mhandisi alipokwenda barazani kupiga simu na Mama Mkubwa alipotoka kununua nyanya, aliingia sebuleni akinyata kwa soksi. Akalitoa kopo. Akafikiri. Dirisha lilikuwa na nondo za chuma. Basi chuma kikijificha kwenye chuma nani atakitambua? Akalisimamisha nyuma ya pazia, karibu na nondo, na kabla ya kutoka akatazama saa ya mkononi, kwa mazoea tu, maana huyu ni mtu ambaye hajawahi kufanya jambo bila kujua limefanyika saa ngapi. Saa saba na dakika kumi na nne.

Alasiri Mhandisi alirudisha stendi kwenye alama ya kwanza. Ilikuwa ni desturi ya kazi yao, alieleza: unapima, unaendelea, kisha unarudi ulipoanzia na kupima tena. "Chumba lazima kiseme neno lile lile mara mbili. Kikisema mawili tofauti, hakuna hata moja la kuaminiwa." Akafungua kompyuta. Fundi Saa alisimama nyuma yake akijifanya hana hili wala lile.

Chumba kilikuwa kimesema mawili tofauti.

"Hapa asubuhi palikuwa na mwangwi," Mhandisi alisema akigusa kilima kwenye mchoro. "Sasa haupo. Na hapa hapakuwa na kitu. Sasa tazama." Akaguna. "Itakuwa waya."

Fundi Saa alishusha pumzi. Mtambo mbovu! Kumbe alikuwa anatokwa jasho bure. Alimsaidia binti kwa moyo mkunjufu kabisa. Wakafungua viungio vyote, wakavipangusa kwa pamba na spiriti aliyoitoa Mama Mkubwa kwenye sanduku lake la dawa, na wakavikaza kwa spana ndogo inayolia tik ikifika kiwango. Spana ile ilimvutia mno. Aliikaza na kuilegeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Lakini wasiwasi ni ugonjwa wa peke yake. Jumatano asubuhi akiwa anapiga mswaki alijiuliza: je, kama wameutengeneza? Saa nne na dakika arobaini kopo lilihamia nyuma ya televisheni.

Siku hiyo hiyo Mhandisi alihitaji mtu. Alitaka kujua mawimbi yanafanyaje mwanadamu anaposimama katikati ya antena mbili, na Fundi Saa akajitolea kabla hajamaliza kuulizwa. Kama kuna kitu anachokiweza ni kutulia. Akaambiwa atoe vyuma vyote: mkanda, funguo, sarafu, na saa ya mkononi, ambayo hakuwahi kuivua mchana tangu ujana wake.

"Na mfukoni?" aliuliza Mama Mkubwa kutoka mlangoni. "Shati lako limetuna."

"Leso," alisema Fundi Saa. Ndani ya leso mlikuwa na biskuti mbili. "Leso ni kitambaa. Kitambaa mawimbi yanapita. Siyo, mwanangu?"

"Kabisa, Baba Mkubwa. Usipumue sana."

Akasimama. Kwenye kompyuta mstari ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi, na Mhandisi akapiga kelele za furaha. "Umeyazima! Umeyazima kabisa! Mwili wa Baba Mkubwa ni ukuta mtupu!" Fundi Saa alijisikia fahari ambayo hakuisikia tangu astaafu. Alisimama dakika arobaini, biskuti zikilainika kifuani, na hata mgongo ulipoanza kumsema hakutikisika.

Saa tisa na dakika tano alipewa mapumziko, na saa yake ikarudi mkononi. Mhandisi alikuwa anabadilisha betri nje. Nyuma ya televisheni kopo lilionekana kidogo ukisimama karibu na mlango, hivyo akalihamishia kwenye kikapu cha sufu cha mke wake, chini kabisa, akafunika na madonge ya uzi wa rangi zote. Kikapu kilikuwa kimezungushiwa utepe wa njano. Mama Mkubwa asingekigusa mpaka Ijumaa, kwani alikuwa ametoa neno lake. Huo, alijisifu moyoni, ndio ulikuwa uamuzi bora kuliko yote.

Alhamisi Mhandisi hakupima. Alikaa na kompyuta asubuhi nzima, nywele zimemsimama, akilinganisha mizunguko ya siku mbili. Mchana alimwita Fundi Saa, si kwa sababu angeweza kumsaidia, ila kwa sababu alihitaji kumwambia mtu.

"Si waya, Baba Mkubwa. Wala si mtambo. Nimepiga hesabu za njia zote. Kuna kitu kimoja, cha chuma, ukubwa hivi," akaonyesha kwa mikono, na Fundi Saa alilitambua kopo lake angani, kipimo kile kile. "Jumanne kiko huku. Baadaye kiko dirishani. Jana kiko ukutani kule, halafu kikahama tena. Mchoro umenionyesha eneo tu. Sijui kilihama saa ngapi, wala katikati ya mizunguko ipi. Nitamwambiaje Profesa? Kwamba sebule ina jini la bati?"

Fundi Saa aliuliza polepole. "Na kingekuwa... tuseme kingekuwa kimetulia? Mahali pamoja?"

"Kingetulia nisingekijali hata chembe! Ningeandika: chuma, kipo, hakihami. Kingekuwa sehemu ya chumba tu, kama saa, kama dirisha. Nani anauliza kilichomo kwenye nyumba za watu? Kinachoniua ni kuhama."

Fundi Saa alikaa. Kwa bahati mbaya alikaa kwenye kiti chake mwenyewe. Kopo lingebaki chini ya kiti kile toka Jumanne, lingeandikwa daftarini kwa heshima zote na kusahauliwa. Yeye kwa mikono yake, kwa soksi zake, kwa akili yake aliyoisifu, alikuwa amelitembeza chumba kizima mbele ya jicho la mtambo.

Alipomtafuta Mhandisi tena alimkuta nje kwenye ngazi za jikoni. Alikuwa amejikunyata na spana ndogo mkononi, mabega yakitetemeka, na Mama Mkubwa ameketi kando yake akimsugua mgongo. Fundi Saa alisimama ndani, nyuma ya wavu wa mlango, akasikia yote. Kesho saa sita mchana gari la chuo linakuja kuuchukua mtambo. Foleni ya wanaousubiri ni ndefu. Zamu yake nyingine ni baada ya miezi minane. Ufadhili wake unakwisha baada ya mitatu. Profesa ameshasema kwamba vipimo visivyojirudia si vipimo, na sura ya vipimo isipokuwepo kwenye tasnifu, shahada haipo.

"Miaka minne, Mama Mkubwa," alisema binti. "Miaka minne nimekosea wapi?"

Fundi Saa alitafuta njia ya kutokea. Alitafuta kwa bidii, nisimsingizie. Kulitoa kopo kimyakimya hakungesaidia, maana vipimo vya Jumanne na Jumatano vilikwisha andikwa. Kumnong'oneza binti pembeni? Mhandisi angeandika daftarini kwa mwandiko wake safi, na Mama Mkubwa husoma kila karatasi iliyoachwa mezani, hiyo ni tabia ya wodini. Halafu kulikuwa na jambo lingine, lililomuuma zaidi. Mama Mkubwa alikuwa anakunywa chai kavu, isiyo na sukari, kwa ajili yake. Kila asubuhi, miaka miwili, anakunja uso, anameza, anamtabasamia. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akasukuma mlango wa wavu.

"Mwanangu," akasema. "Mtambo wako ni mzima. Chukua daftari."

"Baba Mkubwa, tafadhali, sasa hivi siwezi..."

"Chukua daftari, nakwambia. Andika. Jumanne, toka asubuhi mpaka saa saba na dakika kumi na nne mchana: chini ya kiti changu, sentimita kumi kutoka mguu wa nyuma wa kushoto."

Mhandisi aliinua uso uliolowa. "Nini kilikuwa chini ya kiti?"

"Andika kwanza. Toka hapo mpaka Jumatano saa nne na dakika arobaini asubuhi: nyuma ya pazia, limesimama wima, limeegemea nondo ya tatu. Toka hapo mpaka saa tisa na dakika tano: nyuma ya televisheni, limelala. Toka hapo hadi sasa hivi: ndani ya kikapu cha sufu."

Kalamu ilikuwa inakimbia. Mkono wa Mama Mkubwa, uliokuwa unasugua mgongo, ulikuwa umesimama.

"Dakika kumi na nne una hakika?" Mhandisi aliuliza, sauti imebadilika.

"Mwanangu, mimi ni fundi saa."

"Kikapu gani cha sufu?" alisema Mama Mkubwa.

Hapo Fundi Saa aliingia ndani, akaruka utepe wa njano, akarudi na kopo mikononi. Uzi wa bluu ulikuwa umenasa kwenye kifuniko. Akaliweka kwenye ngazi, katikati ya wanawake wawili. Mama Mkubwa akalifungua, akatazama ndani, akalifunga.

"Ngapi kwa siku?" Ilikuwa sauti ya wodini.

"Mbili."

"Fundi."

"Siku ya mvua, tatu."

"Mwaka jana ilinyesha miezi minne." Akaubandua ule uzi wa bluu kwenye kifuniko. Alipozungumza tena, sauti ya wodini haikuwepo. "Ndani ya kikapu changu mwenyewe, baba watoto?"

"Nisamehe," alisema Fundi Saa. "Sina la kujitetea. Nimekudanganya miaka miwili kasoro wiki saba."

Mama Mkubwa aliinuka na kopo kwapani, akaingia ndani. Ajabu ni kwamba hakugomba. Fundi Saa alikuwa amejiandaa kwa mvua ya mawe, na mvua haikuja. Alimwona tu akipita sebuleni, akisimama kidogo katikati kama aliyesahau alichofuata, kisha akaenda chumbani. Hilo lilimtisha kuliko kugombezwa.

Mhandisi, kwa upande wake, alikuwa ameshasahau kulia. Alikuwa anapitia mizunguko na kalamu nyekundu, akizungumza peke yake. Mizunguko ya chini ya kiti na ya chini ya kiti, yote pamoja. Ya dirishani na ya dirishani. "Baba Mkubwa, hivi unajua ulichonipa? Mimi ninapima chumba kilichotulia. Wote wanapima chumba kilichotulia. Hakuna mtu pale idarani mwenye kitu kinachohama na kinajulikana kimehama dakika ipi!" Akamkumbatia. Fundi Saa alikubali kukumbatiwa shingo upande, macho yakiwa kwenye mlango wa chumbani.

Ijumaa asubuhi kopo lilitolewa kifungoni kwa muda. Mama Mkubwa mwenyewe alilileta, biskuti zimeshatolewa, na likarudishwa chini ya kiti, sentimita kumi kutoka mguu wa nyuma wa kushoto. Stendi ikasimama kwenye alama ya kwanza. Krr, kimya. Mara sabini na mbili. Mhandisi akauweka mchoro mpya juu ya ule wa Jumanne asubuhi na vilima vikakaa juu ya vilima, kimoja baada ya kingine, bila unywele kupita kati.

"Neno lile lile," alinong'ona.

Ilikuwa saa tano na nusu. Masanduku matano yalikuwa tayari yamefungwa. Mhandisi akawaita waone ramani ya mwisho: sebule yao imechorwa kutoka juu, makochi, meza, dirisha, na alama mbili za mviringo. Fundi Saa aliinama na miwani yake. Mama Mkubwa alikuwa anaingia na sinia la chai.

"Hii nyekundu ni kopo, msafiri wetu," alisema Mhandisi akicheka. "Na hii ya kijani ndiyo ninayoipenda. Hii ni tulivu! Toka Jumanne haijasogea hata milimita. Kila mzunguko iko pale pale, nikapanga vipimo vyangu vyote kwa kuiangalia hiyo. Chuma, ndani ya saa kubwa, sentimita arobaini kutoka sakafuni. Mama Mkubwa aliniambia ni vyuma vya saa."

Fundi Saa aliitazama alama ya kijani.

Mashine ya saa ile, magurudumu yake yote, ilikaa juu, nyuma ya uso, kimo cha kichwa chake. Chini hakukuwa na kitu. Hakungeweza kuwa na kitu. Sahani ya shaba na vyuma viwili vya uzito vilikuwa karakana, kwenye droo ya tatu, vimefungwa gazetini. Alivifunga yeye mwenyewe miaka miwili iliyopita, mwezi ule ule wa daktari, siku alipoambiwa asiufungue tena mlango wa saa kwa sababu mlio unaumiza kichwa. Mlio wa saa iliyosimama!

Aliinua macho. Mama Mkubwa alikuwa amesimama na sinia, hajaliweka chini. Muuguzi yule aliyetuliza wodi nzima kwa kukohoa tu alikuwa anamtazama mumewe kwa macho ambayo mumewe aliyafahamu vizuri, kwa kuwa ni yake mwenyewe ya siku tatu zilizopita.

"Ni vile vya uzito, siyo?" Mhandisi aliuliza, kalamu juu ya karatasi. "Baba Mkubwa, wewe ndiye fundi. Niandikeje?"

Ukweli alikuwa nao mdomoni. Ungemlipia deni lake lote, na chenji ingebaki. Usiku kucha hakulala akiwaza kuwa amemwacha mwanamke huyu akose peke yake, na kumbe hakuna aliyekosa. Alitaka kukasirika. Badala yake alihisi kicheko kikimpanda, na nyuma ya kicheko, huruma: miaka miwili anaamka, anakunja uso mbele ya chai kavu, ili tu yeye asijione mpweke. Huko kukunja uso angalau kulikuwa kwa kweli.

"Andika: chuma," alisema. "Kipo. Hakihami."

Mhandisi akaandika. Mama Mkubwa akaliweka sinia mezani polepole sana.

Saa sita gari likaja, masanduku yakapakiwa, wakapunga mikono mpaka kona. Waliporudi ndani walianza kubandua utepe wa njano, yeye upande huu, mkewe upande ule, mpaka wakakutana mbele ya saa kubwa.

"Baba watoto," alisema Mama Mkubwa akiutazama utepe mkononi. "Kichwa changu siku hizi ni afadhali. Saa hii ukitaka unaweza kuitengeneza."

"Kweli?"

"Kweli. Ila si leo." Alikunja utepe, akaukunja tena. "Jumatatu. Nipe mpaka Jumatatu."

Fundi Saa hakuuliza kwa nini Jumatatu. Siku ya Jumapili, mchana, alikuwa karakana, amefungua gazeti na kuanza kusugua sahani ya shaba kwa kitambaa, aliposikia bawaba ya mlango wa saa ikilia kule sebuleni, na baada yake kifuniko cha bati kikibanduka. Mlio huo aliujua vizuri. Akainamia shaba yake na kuendelea kusugua.